Dutwa: Kijiji cha pamba chenye nikeli kilimani

MSAFIRI anayetoka Lamadi, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, kwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, hupita Dutwa. Kwa macho ya mgeni, ni sehemu kama nyingine nyingi za Usukumani: nyumba zilizojipanga karibu na barabara, mashamba ya pamba na mahindi, makundi ya ng'ombe na vilima vya hapa na pale. Lakini kimoja cha vilima hivyo, Wamangola, kimelifikisha jina la Dutwa hadi katika soko la hisa la London.

Maisha ya eneo hili yamefuata udongo tangu zamani. Wasukuma huugawa kwa majina. Luseni ni udongo mwepesi wa kichanga ulioko kwenye miteremko, unaofaa viazi vitamu na mihogo. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko mabondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Huko ndiko yanakochimbwa majaruba ya mpunga. Viazi hukaushwa kuwa michembe, akiba ya miezi ya njaa. Pamba ndiyo iletayo fedha: hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinaponyesha, na msimu wa kuiuza hufunguliwa Mei.

Zamani kaya ziliishi mbalimbali, kila moja ndani ya uzio wake wa minyaa, karibu na shamba na malisho yake. Kila ukoo ulitenga ngitili, yaani eneo la majani na miti ambalo halikuguswa wakati wa masika ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Utawala ulikuwa mikononi mwa watemi hadi serikali ilipofuta mamlaka yao mwaka 1963.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 1974. Operesheni Vijiji ilipoendeshwa katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, wananchi walihamishwa kutoka katika makazi yao ya asili na kukusanywa vijijini. Shule, zahanati na maji vilikusudiwa kuwa karibu zaidi. Lakini ngitili nyingi zilibaki mbali na wenyewe, zikakosa mlinzi, miti ikakatwa. Ilipofika mwaka 1986, hali ya mkoa ilikuwa imeilazimu serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mradi huo ulifanikiwa pale uliporudi kwenye desturi ileile ya ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zilihifadhiwa upya katika mkoa mzima.

Ndipo ikaja habari ya nikeli. Miamba ya Wamangola na ya kilima jirani cha Ngasamo ilioza kwa mvua na joto kwa mamilioni ya miaka, ikaacha tabaka la udongo wenye chuma na nikeli karibu na uso wa ardhi. Kampuni ya African Eagle ya Uingereza ilianza kutangaza matokeo ya uchorongaji mwaka 2008, na hesabu zake zilifikia takriban tani milioni 100 za mawe yenye nikeli isiyotimia asilimia moja. Kuitenga nikeli ya aina hiyo kunahitaji asidi nyingi, umeme na maji. Bei ya nikeli iliposhuka na wawekezaji wakasita, mtaji haukupatikana, na kampuni ikaondoka bila kujenga mgodi.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na barabara ya lami kutoka Lamadi ikapita. Wakati huohuo dunia imerudi kuitafuta nikeli kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Nchini, macho yameelekezwa zaidi Kabanga, wilayani Ngara, ambako mkataba wa mwaka 2021 uliipa serikali hisa asilimia 16.

Endapo zamu ya Dutwa itafika, swali la kwanza litahusu ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wanakijiji waelezwe na fidia ikubaliwe kabla ardhi yao haijahawilishwa. Mwaka 1974 hapakuwa na kinga kama hiyo. Hata hivyo, fidia hukadiriwa kwa nyumba, mazao na eneo. Ngitili iliyotunzwa kwa vizazi, na ujuzi wa kutofautisha luseni na mbuga, ni vigumu kuviandika katika fomu ya mthamini. Historia ya eneo hili imeonyesha kwamba mtu anaweza kuhamishwa kwa siku moja, lakini ardhi aliyoiacha huchukua miaka mingi kupona.