Namba Moja Haitoshi

Tetemeko likipiga, taarifa ya habari hututajia namba moja. Bukoba, 10 Septemba 2016: 5.9. Namba hiyo inapima nguvu iliyofyatuka chini kwenye miamba. Haisemi nyumba ya nani ilitikiswa kiasi gani. Penye mwamba ardhi hutikisika vingine, na penye udongo laini, hata kama ni mtaa wa pili tu, mtikisiko huweza kuongezeka maradufu. Anayetaka kujua hana budi kuweka chombo palepale, na vyombo vya daraja la juu huuzwa maelfu ya dola kimoja.

Siku hizi kuna njia nyingine, ya bei nafuu. Ndani ya simu yako mna kihisi kidogo kuliko punje ya mchele, kinachoigeuza picha unapoilaza simu. Ndani ya kihisi hicho mna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba mno. Daladala ikiondoka ghafla, abiria aliyesimama huyumba nyuma. Kipande hicho nacho hubaki nyuma ardhi inaposogea, na umeme hupima pengo linalobadilika, mara mia au zaidi kwa sekunde. Jibu lake ni mchapuko.

Vihisi hivi vina kelele zao za ndani, kwa hiyo mtetemo hafifu wa mbali huvipita. Lakini tetemeko kubwa la karibu huzimeza kelele hizo, wakati seismomita nyeti ya gharama kubwa huweza kuzidiwa, mchoro wake ukakatika vileleni. Kwa mhandisi wa majengo, mtikisiko huo mkubwa wa karibu ndio wenye maana.

Haiti ilithibitisha hilo. Tetemeko la 2010 liliikuta nchi haina mtandao wa vipimo. Vituo vilivyojengwa baadaye vilisumbuliwa na ukosefu wa matengenezo, basi watafiti wakagawa vifaa vidogo vyenye vihisi vya aina hii, viitwavyo Raspberry Shake, kwenye nyumba za watu wa kawaida wenye umeme na intaneti. Tarehe 14 Agosti 2021 lilipopiga la 7.2 na kuua zaidi ya watu 2,200, vifaa hivyo vya sebuleni ndivyo vilivyowapa wanasayansi rekodi za karibu na kitovu.

Urahisi wa bei usimdanganye mtu kuhusu ufungaji. Kihisi kikae sakafu ya chini, kwenye zege, kwa skrubu; kikiwa juu ya meza kitapima meza. Saa nayo iwe sahihi, maana mawimbi ya mwanzo hukimbia takriban kilomita 6 kwa sekunde, na saa ikikosea sekunde moja kitovu huhama kijiji. Kukikagua hakuhitaji maabara: kilaze sawasawa, soma, kipindue, soma tena. Tofauti iwe mara mbili ya mvutano wa dunia, yaani kama mita 19.6 kwa sekunde mraba. Ikipungua au kuzidi, rekebisha hesabu kabla ya kukaza skrubu.