Pombe ya Ndizi na Msuli wa Moyo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ndizi ni chakula na ni kinywaji pia. Ndizi mbivu hukamuliwa, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha yakaachwa yachachuke. Hamira huigeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo ifanyayo povu. Wako wasemao kwamba gongo ndiyo yenye madhara, na kwamba rubisi ni chakula tu. Lakini alkoholi iliyomo katika vinywaji hivyo viwili ni ile ile. Tofauti ni ukali wake.

Moyo ni msuli. Hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Alkoholi, pamoja na asetaldehidi itokanayo nayo mwilini, hudhuru chembe za msuli huo. Mtu akinywa sana kwa miaka mingi, vyumba vya moyo huweza kutanuka na nguvu ya kusukuma damu ikapungua. Hapo maji hukusanyika mapafuni na miguuni: mgonjwa hutweta apandapo kilima, na miguu yake huvimba. Aghalabu dalili hizo hudhaniwa kuwa ni uchovu au uzee.

Madhara mengine ni mawili. Kwanza, shinikizo la damu hupanda. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1915 na daktari Mfaransa, Camille Lian, aliyewachunguza askari wanywao divai nyingi. Pili, mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliuita mvurugiko huo “moyo wa sikukuu”, kwa kuwa uliwapata watu baada ya ulevi wa mapumziko.

Je, kiasi gani ni kingi? Tuchukue mfano wa pombe yenye alkoholi asilimia 5 kwa ujazo. Lita 1 ina mililita 50 za alkoholi. Na kwa kuwa mililita 1 ina uzito wa gramu 0.79, jumla ni gramu 40 hivi. Lita 2 ni gramu 80. Wagonjwa wengi wa msuli wa moyo uliodhuriwa na pombe ni watu waliokunywa kiasi hicho au zaidi kila siku, kwa miaka mitano na kuendelea. Anywaye kwa mrija katika chungu cha pamoja hawezi kujua amefikia wapi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Hata hivyo, mgonjwa aachaye pombe mapema huweza kuurudishia moyo wake sehemu kubwa ya nguvu zake. Na ukarimu hautapotea: maji matamu ya ndizi, kabla hayajachachuka, yatosha kumkaribisha mgeni.