MAZIWA YALIYOKATAA KUGANDA: KIWELE, SINDANO NA DAWA ZA MITI

   

Siku moja tulikuwa katika somo la fiq'hi, mlango wa biashara. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaeleza kuwa nyumbani kwao ng'ombe alivimba kiwele. Baba akamchoma sindano, na mama akaweka maziwa ya siku ile kwenye kibuyu ili yagande. Zikapita siku tatu, maziwa hayakuganda. Akauliza: "Ustadhi, maziwa kama hayo ni halali kuyauza?" Kabla sijajibu, mwenzake akadakia: "Si wangemtibu kwa mwarobaini tu, kuliko hizo dawa za dukani?"

Maswali haya mawili ni makubwa kuliko umri wa waliouliza. Sisi watu wa Shinyanga, Kahama na Geita tunaishi na ng'ombe. Maziwa yetu tunakunywa wenyewe, na mengine hupakiwa kwenye madumu juu ya baiskeli na pikipiki kwenda kuuzwa mijini na kwenye machimbo ya dhahabu, kama Katoro na Nyarugusu. Anayeyanunua hamjui ng'ombe wala hamjui mkamuaji. Yeye anatuamini tu. Kwa hiyo nimeona niyajibu maswali haya kwa kirefu.

KIWELE KINAPOUGUA

Katika Suratun-Nahl, aya ya 66, Mwenyezi Mungu anatutaka tuzingatie namna maziwa safi yanavyotoka ndani ya mnyama, kati ya kinyesi na damu, yakawa kinywaji chepesi kwa wanywaji. Tukizingatia tutaona kwamba kiwele cha ng'ombe kina sehemu nne, na kila sehemu ina chuchu yake. Kwenye ncha ya chuchu kuna tundu dogo linalojifunga. Tundu hilo ndilo mlango. Vijidudu viitwavyo bakteria vikipita hapo, kiwele huugua.

Bakteria hao ni wa namna nyingi. Wapo stafilokokasi na streptokokasi, ambao huhama kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine kwa mikono ya mkamuaji au kwa kitambaa kimoja kinachofuta viwele vyote. Wapo pia wanaotoka kwenye samadi na matope ya zizi. Ugonjwa ukidhihiri utaona kiwele kimevimba, kina joto, ng'ombe anarusha teke akiguswa, na maziwa yana mabonge, majimaji au damu.

Lakini mara nyingi ugonjwa huu hujificha. Kiwele huonekana kizima na maziwa huonekana meupe, ila yanapungua siku hadi siku. Kuna kipimo rahisi kilichotangazwa mwaka 1957 na watafiti wa California, Marekani. Maziwa ya kila chuchu huwekwa kwenye kisahani chake na kuchanganywa na dawa ya jamii ya sabuni. Kiwele kikiwa kinaugua, chembe nyeupe za damu huwa zimejaa katika maziwa. Sabuni huzipasua, na yaliyomo ndani yake huyafanya maziwa yawe mazito kama uji. Afisa mifugo anaweza kukufanyia kipimo hiki papo hapo zizini.

KWA NINI MAZIWA HAYAKUGANDA

Maziwa hugandishwa na bakteria wema ambao huyatia uchachu. Dawa aliyochomwa ng'ombe, kama penisilini au oksitetrasaiklini, ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Dawa hiyo huzunguka katika damu, hufika kwenye kiwele, na sehemu yake hutoka na maziwa. Ikifika kwenye kibuyu haichagui. Inawazuia na wale bakteria wema, na maziwa yanakataa kuganda.

Tahadhari hapa. Maziwa yanaweza kukataa kuganda kwa sababu nyingine, kama baridi au kuongezwa maji. Na yakiganda, hiyo si hoja kwamba hayana dawa kabisa, maana huenda ipo kidogo. Kwa hiyo kibuyu si kipimo cha kutegemea, bali ni onyo. Wala tusidhani kuchemsha kunaondoa dawa. Kuchemsha maziwa ni lazima, kwa sababu kunaua vijidudu vya maradhi kama kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba, lakini antibiotiki nyingi hustahimili moto wa jikoni.

Basi kuna madhara gani? La kwanza, wapo watu ambao miili yao haipatani na penisilini, na hata kiasi kidogo huweza kuwadhuru. La pili ni zito zaidi. Bakteria wanaokutana na dawa kidogo kidogo bila kufa hujenga usugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha jambo hili hili, kwamba kutumia dozi pungufu kunawafundisha vijidudu kuishinda dawa. Onyo lake limetimia. Watafiti wamekadiria kuwa katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Tanzania nayo ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu huu, wa mwaka 2017 hadi 2022, uliogusa afya ya watu na ya mifugo pamoja.

Kwa hiyo mfugaji anayenunua chupa, akachoma leo, na kesho akaacha kwa kuwa kiwele kimenywea, anawalea bakteria wakorofi. Siku mwanawe akiugua, huenda dawa ile ile ikashindwa kumsaidia.

JE, MITI SI BORA?

Sasa tuje kwa yule aliyetaja mwarobaini. Hakukosea kuuliza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba yake, na Waislamu wa zamani walilichukua fundisho hilo kwa bidii. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga huko Andalusia aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya katika kitabu chake maelezo ya dawa na vyakula vipatavyo 1,400, vingi vikiwa mimea.

Mti hauna miguu ya kukimbia adui, basi umepewa silaha nyingine. Ndani ya magamba, majani na mizizi kuna kemikali zinazoulinda na wadudu, ukungu na bakteria. Ule ukakasi unaokaza ulimi ukitafuna gamba la mti ni tanini. Kitunguu saumu nacho kikipondwa hutoa alisini, kemikali inayoua bakteria, ambayo wanasayansi wawili wa Marekani waliitenga mwaka 1944. Hapa kwetu, wazee wa Kisukuma wanaujua mlundalunda kwa dawa zake, na maabara zimeonyesha kuwa maji ya gamba lake huwadhoofisha baadhi ya bakteria.

Lakini neno "maabara zimeonyesha" lina mipaka, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza.

NJIA NDEFU YA KUTHIBITISHA

Mtafiti huanza kwa kusaga gamba au majani na kuyaloweka ili kupata dondoo. Kisha hupaka bakteria kwenye kisahani chenye rojo, na juu yake huweka vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa katika dondoo. Kisahani hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa muda wa saa 18 hadi 24. Kama dondoo lina nguvu, huonekana duara tupu lisilo na bakteria kuzunguka karatasi, na duara hilo hupimwa kwa milimita.

Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Katika kisahani, hata siki na chumvi nyingi huwazuia bakteria. Yabaki maswali mengine: Je, dawa hii itamdhuru mnyama? Dozi yake ni kiasi gani? Itafanya kazi ndani ya kiwele kilichojaa maziwa na usaha? Itabaki katika maziwa kwa siku ngapi? Mti mmoja hutofautiana nguvu kwa msimu, kwa udongo, na kwa sehemu iliyochumwa.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliona jambo hili kabla ya maabara za leo. Katika Qanun yake aliweka masharti ya kujaribu dawa. Alisema dawa ipimwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika, matokeo yake yarudiwe mara nyingi, na kwamba kuijaribu kwa simba au farasi hakuthibitishi itakavyomfanya mwanadamu. Vivyo hivyo, kilichofaulu kisahanini hakijafaulu kiweleni.

Afrika Mashariki ina watu wanaoifuata njia hiyo. Hapo Muhimbili, Dar es Salaam, kuna Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina wataalamu wa tiba ya mifugo. Mwaka 2002 watafiti wa Kenya na Tanzania walichapisha kazi yao juu ya mshubiri pori. Hawakuishia kisahanini, bali waliwaambukiza kuku wa kienyeji homa ya matumbo ya kuku, wakawapa utomvu wa mshubiri, na wakaona vifo na ukali wa ugonjwa vimepungua. Hiyo ni hatua ya pili, na inatia moyo. Hata hivyo, kuku si ng'ombe, na homa ya matumbo si ugonjwa wa kiwele.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, usisukume maji ya majani wala kijiti ndani ya chuchu ya ng'ombe. Utapenyeza uchafu mahali ambapo Mola ameweka mlango. Wala usimlishe ng'ombe vitunguu vingi kwa kudhani ni dawa, kwani vitunguu maji vikizidi huvunja chembe nyekundu za damu yake.

TUSIUE DUKA LETU LA DAWA

Shinyanga ilikatwa miti mingi sana katika karne iliyopita, kwa kufukuza mbung'o na kwa kupata mashamba. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004, nao ulirejea kwenye hekima ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike. Miti ikarudi, na pamoja nayo miti ya dawa. Leo mtu akibandua gamba la mti kuuzunguka wote, mti hufa, na dawa ambayo bado haijachunguzwa hufa nao. Chukua kipande kidogo upande mmoja, na umwache Mola auponye.

JAWABU LA MASWALI

Swali la kwanza. Maziwa hayawi haramu kama nguruwe kwa sababu ng'ombe amechomwa sindano. Lakini kumuuzia mtu kitu chenye dhara huku ukimficha ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi, pale sokoni alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta limelowa ndani. Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri. Usome kwenye kibandiko au umuulize afisa mifugo. Maziwa ya siku hizo yamwagwe, na yasichanganywe na ya ng'ombe wengine, kwa sababu ng'ombe mmoja hulitia dosari dumu zima. Kwa masuala ya fatwa yanayozidi haya, waulizeni masheikh wetu.

Swali la pili. Mwarobaini na mlundalunda ni neema, lakini ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba apelekewe daktari wa mifugo leo, apewe dozi kamili. Mti usubiri kuthibitishwa. Na kinga ni bora kuliko zote mbili. Nawa mikono kwa sabuni, tumia kitambaa safi kwa kila ng'ombe, mgonjwa akamuliwe mwisho, na chuchu zichovywe kwenye dawa ya aidini baada ya kukamua. Kisha mpe majani asimame kama nusu saa, ili tundu la chuchu lijifunge kabla hajalala kwenye samadi.

Tunasimuliwa kisa cha binti wa Madina zama za Sayyidna Umar (R.A.). Mama yake alimtaka atie maji katika maziwa ya kuuza, kwa kuwa Umar hawaoni. Binti alikataa, akimkumbusha kwamba Mola wa Umar anawaona.

Wanangu, kumwaga ndoo ya maziwa kunauma. Ni ada ya shule, ni kilo za unga. Lakini mchimbaji wa Nyarugusu anayenunua kikombe asubuhi kabla ya kuingia shimoni hana kipimo, hana maabara, na hatajua kamwe. Anayejua ni wewe na Mola wako.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.