BETRI NDOGO, MOTO MKUBWA

Safari hii tunazungumza juu ya mchezo ambao zamani ulikuwa wa watoto wa matajiri tu: kurusha helikopta ya rimoti. Siku hizi helikopta ndogo kutoka China zinauzwa madukani mijini, na ndugu wakirudi likizo huja nazo kama zawadi. Irushe mara moja tu kiwanjani pale Kerenge, uone watoto watakavyojaa!

Utauliza: hili si gazeti la afya? Helikopta inahusu nini? Inahusu sana. Ndani yake kuna betri ya lithiamu, ndugu wa damu wa betri ya simu yako, na ya taa nyingi za sola na tochi za kuchaji. Ukijua kuitunza moja, umejua zote. Usipojua, unaweza kupoteza jicho, au kuunguza bweni zima.

KWA NINI INARUKA DAKIKA CHACHE TU?

Soma maandishi kwenye betri. Tuseme imeandikwa mAh 180. Maana yake inaweza kutoa mkondo wa miliampea 180 kwa muda wa saa moja. Lakini mota za helikopta zina njaa kali. Tuseme zinakula miliampea 1,500. Chukua kalamu: 180 gawa kwa 1,500, zidisha kwa 60. Unapata dakika 7 na ushee. Basi! Halafu unakaa nusu saa au zaidi kungoja ichaji.

Sababu ni kwamba helikopta haina mabawa ya kuibeba. Kila sekunde mota zinabeba uzito wote. Hata wataalamu wanapigana na tatizo hilohilo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba droni imefanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Ilikuwa ya betri, ikapaa wima kama helikopta, halafu ikageuza mapanga yake na kuruka kwa mabawa kama ndege. Kwa ujanja huo ilisafiri kilometa 60 kwa dakika 40 hivi. Ingebaki kuning'inia hewani kama helikopta muda wote, betri ingeisha mapema zaidi.

USISUBIRI IKATE

Kila seli ya betri hii ikijaa huwa na volti 4.2. Ikishuka chini ya volti 3 inaumia ndani, na majeraha hayo hayaponi. Ukiichaji tena haishiki chaji, inavimba, au inashika moto.

Kwa hiyo wazoefu wana kanuni yao: tumia asilimia 80, bakiza 20. Kama helikopta yako huruka dakika 7, tua baada ya dakika tano na nusu. Mpe mwenzako saa akuhesabie. Ukiona inazembea, yaani unasukuma rimoti hadi mwisho na haipandi, tua hapohapo. Ukisema "kidogo tu", itakatika ikiwa juu na kuanguka kichwani kwa mtu.

MOTO UNATOKA WAPI?

Ndani ya betri kuna upande chanya na upande hasi. Kati yake pana karatasi laini ya plastiki, nyembamba kuliko unywele, pamoja na kimiminika kinachowaka kwa urahisi. Betri ikigongwa, ikitobolewa, ikichajiwa kupita kiasi au ikipata joto kali, karatasi ile huharibika. Pande mbili zikigusana, joto hupanda, na joto hilo huzaa joto zaidi. Kwa sekunde chache tu kinachokuwa kimevimba kinageuka moto na moshi wa sumu.

Usidhani ni vitu vya bei poa tu. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka. Mwaka huohuo shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilikataza ndege za abiria kubeba betri za lithiamu kama mizigo ya kibiashara.

SHERIA ZA KUCHAJI

1. Tumia chaja iliyokuja na helikopta yako. Usiunganishe waya kwa waya kutoka kwenye sola au betri ya pikipiki.

2. Betri ikitoka kuruka ni ya moto. Iache ipoe kama dakika 20 ndipo uichaji.

3. Chaji juu ya sakafu ya saruji, kigae au sufuria kuukuu. Kitandani, kwenye godoro, karibu na daftari au chandarua, HAPANA.

4. Usichaji ukiwa umelala au umetoka. Ikijaa, chomoa.

5. Usiache betri juani wala juu ya bati.

6. Kama hutarusha kwa wiki kadhaa, usiiweke ikiwa imejaa kabisa wala imekwisha. Nusu inatosha.

7. Betri iliyovimba kama andazi imekufa. Usiichaji, usiibonyeze, na usiitoboe "kutoa upepo". Hakuna upepo mle, kuna gesi inayowaka.

"Mbona bwenini tunachaji usiku kucha na hakuna kilichotokea?" Ni kweli, mara nyingi hakitokei kitu. Lakini siku kikitokea ni saa nane za usiku, watu wamelala, na mlango ni mmoja. Mara hiyo moja inatosha.

MAPANGA NAYO SI MCHEZO

Septemba 2013, mjini New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mzoefu alikufa bustanini baada ya kupigwa kichwani na mapanga ya helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Yake ilikuwa kubwa, lakini hata ile ndogo inaweza kujeruhi jicho au kunasa nywele. Vaa miwani ukiweza. Watoto wakae nyuma yako, mbali. Usirushe karibu na barabara, nyaya za umeme au mifugo. Ikidondoka, kwanza zima, chomoa betri, ndipo uiokote. Betri iliyogongwa iweke nje kwenye mchanga na kuiangalia kwa nusu saa, maana moto unaweza kuchelewa.

Na kama ni droni ya kazi, ile yenye kamera, hairushwi hivihivi. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

IKIWAKA UFANYEJE?

Piga kelele, watu watoke nje. Usivute moshi wake. Zima umeme ukutani kama unaufikia bila hatari. Kwa betri ndogo, mwaga maji mengi, maana maji yanapooza. Kama hakuna maji, ifukie kwa mchanga mkavu. Moto ukishashika godoro au dari, toka, na piga 114, namba ya Zimamoto.

Aliyeungua: poza kidonda kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na mwende kituo cha afya. Kama maji ya betri yameingia jichoni, lioshe kwa maji safi dakika 20 au zaidi, halafu kituoni bila kuchelewa.

BETRI ILIYOKUFA

Usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa, wala chooni. Ziba ncha zake kwa selotepu, iweke nje kwenye kopo la mchanga mkavu mahali watoto wasipofika, na umwulize fundi simu au mwenye duka kama wanazikusanya.

JIPIME

1. Betri ya mAh 300 inaendesha mota zinazokula miliampea 2,000. Itaruka dakika ngapi, na wewe utue dakika ya ngapi?

2. Rafiki yako ana simu ambayo mgongo wake umetuna. Anasema bado inafanya kazi. Utamshauri nini?

3. Bwenini kwenu simu huchajiwa wapi na saa ngapi? Jadilianeni na mlezi wa bweni mbadilishe nini.

Majibu: (1) Itaruka dakika 9, tua kwenye dakika ya 7. (2) Aizime, asiichaji tena, ampelekee fundi aitoe betri. (3) Hilo ni lenu. Lakini anzeni leo, kabla ya saa nane za usiku.