Kweli ya mgonjwa hupunguza damu puani wakati wa upasuaji wa taya

Katika Makutano ya Segera, wilayani Handeni, barabara itokayo Chalinze hugawanyika: moja huelekea Tanga mjini na nyingine hupita Korogwe kuelekea Moshi na Arusha. Ajali katika barabara kama hizo, zikiwemo za bodaboda, huweza kuvunja taya, na majeruhi akahitaji rufaa kutoka hospitali ya wilaya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, au Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Kwa kuwa daktari wa upasuaji hufanya kazi ndani ya kinywa, mpira wa kupumulia wa mgonjwa aliyelazwa usingizi mara nyingi hupitishwa puani. Athari inayojitokeza zaidi katika njia hii ni kutokwa damu puani. Sehemu ya mbele ya ukuta unaotenganisha matundu ya pua ina mishipa midogo mingi iliyo karibu na uso wa ngozi laini, hivyo mpira ukiikwaruza, damu hutoka. Mara nyingi damu hiyo ni kidogo na hukoma. Ikiwa nyingi, huteremka kooni, humzuia mtaalamu wa usingizi kuona njia ya hewa na huweza kuingia kwenye mapafu.

Zipo hatua za kupunguza athari hiyo. Kabla ya kuanza, mtaalamu hukagua ni tundu lipi linalopitisha hewa vizuri zaidi. Huweka dawa ya kusinyaza mishipa ya damu, kama vile zailometazolini, kwa uangalifu zaidi kwa watoto na kwa wenye shinikizo la juu la damu au maradhi ya moyo. Huchagua mpira mwembamba unaotosha, huulainisha kwa kuuweka katika maji ya uvuguvugu yaliyotakaswa, huupaka jeli, kisha huupitisha taratibu kufuata sakafu ya pua. Ukikwama, hausukumwi kwa nguvu.

Hata hivyo, ipo sehemu ambayo ni mgonjwa au ndugu zake pekee wanaoweza kuikamilisha: kueleza ukweli. Anayetumia warfarini, aspirini au dawa za asili, anayetokwa damu puani mara kwa mara, aliyewahi kuumia au kufanyiwa upasuaji wa pua, au mwenye kinyama puani, anapaswa kusema mapema. Majeruhi aliyetokwa majimaji meupe kama maji puani au masikioni baada ya ajali pia aseme, kwa kuwa huenda fuvu limevunjika kwenye kitako chake, na mpira wa puani ukawa hatari.

Wananchi wanashauriwa kutoacha dawa za kuzuia damu kuganda bila maelekezo ya daktari, na kutojiwekea dawa za matone puani kabla ya upasuaji. Baada ya kurejea nyumbani, damu ikiendelea kutoka au pumzi ikibana, mgonjwa apelekwe mara moja katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu.