Kunenepa Si Kupata Nguvu

Ndugu mfanyakazi, tutoe mfano. Kijana mmoja wa Makiso, mjini Kisangani, anajiona mwembamba. Rafiki anamwambia: «Kunywa kinini hizi, utanenepa upesi.» Anazinunua sokoni bila karatasi ya munganga. Baada ya majuma machache mashavu yamejaa, watu wanamsifu. Lakini kazini beleshi limekuwa zito, na akipanda ngazi anashika ukuta. Sababu ni nini?

Kinini za namna hiyo mara nyingi ni deksametazoni, inayotumiwa vibaya katika miji mingi ya Kongo. Ni dawa ya kweli: mwaka 2020 ilionekana kuokoa wagonjwa mahututi wa Covid-19. Lakini kipimo chake hutolewa na munganga.

Tuangalie ndani ya msuli. Kila uzi wa msuli una viini vingi, na ndani ya viini mna jeni, yaani maagizo ya kazi. Homoni ni wajumbe wa damu. Testosteroni huingia ndani, hushikana na mpokezi wake, na kufungua jeni za kujenga. Mjumbe mwingine, IGF-1, hutoka kwenye ini na kwenye msuli wenyewe. Yeye hubisha mlangoni tu. Habari yake hufika ndani, protini zikaongezeka na jeni za kubomoa zikafungwa.

Iko breki pia, myostatini. Mwaka 1997, huko Marekani, Alexandra McPherron na Se-Jin Lee walionyesha kwamba panya wasio na jeni yake wana misuli yenye uzito mara mbili hata tatu.

Deksametazoni nayo hufika mpaka kwenye kiini, lakini hufungua jeni za kubomoa na kudhoofisha IGF-1. Misuli ya mapaja na mabega huisha; uso hujaa mafuta na maji. Sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika. Mtu wa namna hiyo akiinua mzigo, anajihatarisha yeye na wenzake.

ANGALIA! Aliyeinywa siku nyingi asiache ghafula. Tezi zilizo juu ya figo zimelala. Kuacha mara moja kunaweza kuua. Aende dispansere, aseme kweli bila haya, apunguziwe pole pole.

Nguvu ya kweli hutoka wapi? Kwanza, kazi na mazoezi: waendesha baiskeli wa toleka walipata mapaja magumu kwa kukanyaga pedali, si kwa kinini. Msuli ukivutwa hutoa IGF-1 yake, na seli za akiba, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961, huamka kuutengeneza. Pili, chakula: samaki, maharagi, karanga, sombe pamoja na lituma. Tatu, usingizi, kwani homoni ya kukua hutoka zaidi katika usingizi mzito. Wa zamu ya usiku alale mchana.

Ndugu, usinunue mashavu ukauza mikono.