Moteri imenyamaza, mafuta hayajalala

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, tusikilizane.

Moteri nyingi za mashini zinageuza chuma cha kuzunguka, chuma hicho kinageuza pompi, na pompi inasukuma mafuta. Lakini kuna moteri isiyo na chuma hicho. Pistoni yake ni huru: upande mmoja moto wa mazuti unaipiga, upande wa pili yenyewe inasukuma mafuta. Mwaka 2000 mainjinia wa kampuni Innas, ya mji Breda katika Uholanzi, walieleza moteri ya namna hii. Waliiita Chiron.

Ni akili nzuri. Lakini pistoni huru haina chuma cha kuirudisha nyuma. Inarudishwa na mafuta yaliyowekwa akiba katika chupa ya chuma, yakibanwa na gesi. Basi moteri ikinyamaza, nguvu ingali ndani ya chupa. Na chupa kama hizo zinapatikana katika mashini nyingine pia, kwa mfano kwa kazi ya breki.

Nguvu hiyo ni kiasi gani? Tairi ya gari ndogo ina bari 2 hivi. Mafuta ya mashini kubwa yanafika bari 200, hata 350. Kutoboa ngozi ya mtu, bari 7 zinatosha! Tundu la sindano katika tiyo linarusha mafuta usiyoyaona. Ukilitafuta kwa kidole, mafuta yanaingia ndani ya nyama.

Mwanzoni hayaumi sana. Unaona alama ndogo, unasema: «Si kitu.» Usiku kidole kinavimba. Ukichelewa, pengine munganga atalazimika kukikata.

Basi shika haya:

1. Kabla ya kufungua tiyo, simamisha moteri, shusha mzigo chini, toa nguvu katika chupa, kisha hakikisha manometri inaonyesha 0.

2. Tafuta tundu kwa kipande cha kartoni au ubao, ukisimama mbali. Usitumie mkono, hata ukivaa mifuko ya mikono.

3. Mafuta yakikuingia, mwambie shefu palepale, uende lopitali. Usikamue, usikande, usitie maji ya moto, usile wala kunywa. Mwambie munganga ni mafuta gani na yaliingia saa ngapi. Atapasua na kuosha. Kila saa inayopita inaongeza hatari.

Mama, bwana akirudi na alama ndogo kwenye kidole, akasema mafuta yalimchoma, usimwache alale. Mpeleke usiku uleule. Mkono unaolisha watoto haungoji asubuhi.